Kulala Kwenye Hoteli ya Maji Moto Japani, Dirisha Likitazama Mlima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya anayepanga kulala kwenye ryokan, yaani nyumba ya wageni ya Kijapani, yenye bwawa la maji ya chemchemi na mlima nje ya dirisha. Mifano mingi ni ya Hakone, Kawaguchiko, Kusatsu na Okuhida.

Onsen ni nini, na nitajuaje kama maji ni ya chemchemi kweli?

Kwa sheria ya Japani ya mwaka 1948, maji huitwa onsen yakitoka ardhini yakiwa na nyuzijoto 25 au zaidi. Yakiwa baridi kuliko hapo, lazima yawe na kiwango kilichowekwa cha angalau kitu kimoja kati ya 19 vilivyoorodheshwa, kama chuma au salfa. Nyuzijoto 25 ni uvuguvugu tu, kwa hiyo hoteli inaweza kuyapasha kwa boila na isiwe imekudanganya.

Anayejali tofauti hiyo asome karatasi ya vipimo vya maji. Hoteli inalazimika kuibandika mahali wageni wanapoiona, kwa kawaida chumba cha kubadilishia nguo, na vipimo hurudiwa angalau kila miaka 10. Hoteli hulazimika pia kutaja kama maji yamechanganywa na ya bomba, yamepashwa, yanazungushwa kwa chujio au yametiwa dawa ya kuua vijidudu. Maneno ya kutafuta kwenye tangazo la hoteli ni *gensen kakenagashi*: maji yanaingia kutoka chemchemi, yanafurika ukingoni na kwenda zake, hayarudi tena bwawani. Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu ukiwa chumba cha kubadilishia nguo huruhusiwi kutoa simu ili ikutafsirie.

Niende wapi ili mlima uonekane kweli?

Hakone ndiko watu wengi wanakoanzia, na ndiko wengi wanakovunjika moyo. Ni karibu na Tokyo: treni ya Romancecar kutoka kituo cha Shinjuku mjini Tokyo hadi Hakone-Yumoto huchukua kama dakika 85. Lakini Hakone ni volkano ya zamani yenye ukuta wa milima kuizunguka, na hoteli nyingi ziko bondeni ndani ya ukuta huo. Utaona miteremko ya kijani, ukungu na mto. Mlima Fuji huoni, isipokuwa ushuke hadi ufukweni mwa ziwa Ashi au upande sehemu za juu kama Owakudani. Shida ni ya wanaokwenda wakidhani "Hakone" na "Fuji" ni kitu kimoja.

Anayetaka Fuji aende Kawaguchiko, mji ulio kando ya ziwa la jina hilo. Basi la moja kwa moja kutoka Shinjuku huchukua karibu saa mbili, foleni isipokuwa kubwa. Fuji uko kusini mwa ziwa, kwa hiyo hoteli za ufuko wa kaskazini ndizo zenye ziwa mbele na mlima nyuma yake. Maji ya huko ni ya kawaida tu, hayana harufu wala rangi. Unalipia dirisha.

Okuhida, mkoani Gifu, ndiko mlima na maji vinapokutana vizuri zaidi, na tungekuwa na safari moja tu tungeelekea huko. Ni vijiji vitano vya maji moto: Hirayu, Fukuji, Shin-Hirayu, Tochio na Shin-Hotaka. Mabwawa mengi ni ya nje, yamejengwa kwa mawe kando ya mto, na juu yake kuna safu ya Hotaka ambayo kilele chake kirefu kina mita 3,190. Kutoka mji wa Takayama hadi Hirayu ni kama saa moja kwa basi. Shin-Hotaka kuna gari la kamba linalopanda hadi mita 2,156.

Kusatsu, mkoani Gunma, nenda kwa ajili ya maji. Mji uko juu, karibu mita 1,200, na hewa yake ni safi, ila vyumba vingi vinatazama paa za majirani na mvuke.

Tangazo limesema "chumba upande wa mlima". Inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa Kijapani, *yama-gawa*, "upande wa mlima", mara nyingi ni upande wa nyuma wa jengo: dirisha linatazama mteremko wenye miti hatua chache kutoka kitandani, na ndiyo maana bei yake ni nafuu. Kwenye hoteli nyingi za Kawaguchiko, chumba cha upande wa mlima kimeupa Fuji mgongo.

Andika swali lenye jina la mlima: "Je, kutoka ndani ya chumba hiki Mlima Fuji unaonekana?" Kisha uliza la pili: "Je, unaonekana nikiwa nimekaa ndani ya bwawa?" Mabwawa ya nje huzungushiwa uzio wa mianzi au mbao ili watu wasichunguliwe, na uzio wa upande wa wanawake mara nyingi ni mrefu zaidi. Ukisimama unaona kilele. Ukikaa, unaona mianzi. Bwawa la ghorofa ya juu kabisa, *tenbo-buro*, huwa halina shida hiyo.

Mwezi gani ni mzuri?

Waliokulia Moshi hawahitaji kufundishwa hili: mlima mrefu huonekana alfajiri na jioni, katikati ya mchana hujifunika. Fuji, mita 3,776, una tabia hiyohiyo. Desemba hadi Februari ndipo anga ya upande huo huwa safi kuliko wakati wowote, na kilele kina theluji. Juni hadi katikati ya Julai ni msimu wa mvua, na kiangazi chote unaweza kukaa siku tatu usiuone. Pia kiangazi Fuji hauna ile kofia nyeupe ya kwenye picha. Kwa kawaida theluji ya kwanza huonekana mwanzoni mwa Oktoba. Mwaka 2024 ilichelewa hadi tarehe 7 Novemba, kuchelewa kuliko mwaka wowote tangu kumbukumbu zianze mwaka 1894.

Okuhida ni kinyume kidogo. Katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba majani hugeuka mekundu na manjano. Januari na Februari theluji huanguka ukiwa majini, jambo ambalo Wajapani wamelipa jina lake, *yukimi-buro*, ila siku ya theluji mlima wenyewe hauonekani. Bonde la jirani la Kamikochi hufungwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Aprili; hoteli nyingi za Okuhida zenyewe hazifungwi.

Kama fedha inaruhusu, lala usiku mbili hoteli moja badala ya usiku mmoja mmoja hoteli mbili. Unapata asubuhi mbili za kuuvizia mlima, na mchana mmoja usio na basi la kukimbilia.

Bei ni ya chumba au ya mtu?

Ya mtu. Bei kwenye tovuti za Kijapani huandikwa kwa kila mtu kwa usiku mmoja, ikiwa na chakula cha jioni na cha asubuhi (*ippaku nishoku*). Chumba kilichoandikwa yeni 22,000 kwa watu wawili kwa usiku mbili ni 22,000 mara mbili mara mbili, yaani yeni 88,000. Ongeza kodi ya kuoga, ambayo sehemu nyingi ni yeni 150 kwa mtu kwa usiku na hulipwa hotelini: hapo ni yeni 600. Jumla 88,600. Baadhi ya miji na mikoa ina kodi nyingine ya malazi juu ya hiyo.

Jumamosi na siku za kuamkia sikukuu bei hupanda. Mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya, usitarajie nafuu yoyote. Anayesafiri peke yake hulipa zaidi, na hoteli nyingine hazimpokei kabisa Jumamosi, kwa kuwa chumba kimepangiwa watu wawili. Ukiona bei ya chini kuliko kawaida, angalia kama imeandikwa *sudomari*, maana yake kulala bila chakula. Kijijini milimani hilo si jambo dogo, kwani saa mbili usiku huenda usipate mahali popote pa kula.

Viza na pasipoti?

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza kabla ya kusafiri. Ombi huambatana na ratiba ya siku kwa siku yenye jina, anwani na simu ya kila mahali pa kulala, kwa hiyo weka nafasi inayoweza kufutwa bila adhabu mpaka viza itoke. Ryokan nyingi hukata sehemu ya malipo siku chache kabla, na malipo yote usipotokea siku yenyewe, kwa sababu samaki na nyama yako vimeshanunuliwa. Ukifika mapokezi, mgeni asiye na makazi Japani huonyesha pasipoti na hoteli hutoa nakala. Ni sheria.

Nifike saa ngapi?

Vyumba hufunguliwa saa tisa alasiri, na kuondoka ni saa nne asubuhi. Chakula cha jioni huwa saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu. Muda huo haubadiliki, kwani vyakula zaidi ya kumi hutoka jikoni kwa zamu, kimoja baada ya kingine. Ukifika saa mbili usiku unaweza kukuta jiko limefungwa na pesa ya chakula imekwenda.

Angalizo kwa wenye kuhesabu saa Kiswahili: kwenye fomu ya kuweka nafasi andika kwa saa 24. Saa kumi na moja jioni ni 17:00. Ukiandika 11:00, watakusubiri kabla ya mchana.

Fika mapema kadiri unavyoweza, uoge mara moja kabla ya kula. Saa tisa na nusu bwawa linaweza kuwa lako peke yako.

Mizigo na usafiri wa mwisho?

Hoteli nyingi hutuma gari dogo kituoni, lakini lazima uliombe siku kadhaa kabla na utaje treni au basi unalofika nalo. Sanduku kubwa ni mzigo kweli: mabasi ya milimani yana nafasi ndogo, na magurudumu hayaburutwi juu ya mkeka wa tatami. Litume kwa *takkyubin*, huduma ya kusafirisha mizigo, kutoka hoteli yako ya mjini kwenda hoteli yako inayofuata. Kwa kawaida hufika kesho yake, wewe ukabaki na begi la mgongoni lenye nguo za siku mbili.

Beba fedha taslimu. Mashine za Japan Post na za maduka ya 7-Eleven hupokea kadi za nje. Kijijini usitegemee kuikuta mashine karibu.

Nikiingia ndani, ni mambo gani yasiyosamehewa?

Viatu huishia mlangoni, kwenye kizingiti. Ndani kuna ndara za korido, na hizo nazo unaziacha kabla ya kukanyaga tatami, ambapo ni soksi au miguu mitupu tu. Chooni kuna ndara nyingine, na kosa la kila siku ni kutoka nazo hadi chumbani. Kile kibaraza kilichoinuka kidogo chenye picha ya kutundika na chombo cha maua, *tokonoma*, si rafu ya begi. Milango ya karatasi hutoboka kwa kidole cha mtoto, na utalipa.

Mwishoni mwa chumba, kati ya tatami na dirisha, mara nyingi kuna ukanda mwembamba wenye viti viwili na meza ndogo. Ni baraza ya ndani. Mlima unatazamwa kutokea hapo, chai mkononi, na hapo panahesabika kuwa sehemu ya ulichokilipia.

Yukata huvaliwaje?

Ni joho jepesi la pamba, na unaweza kuvaa hoteli nzima, hata kwenye chakula. Upande wa kushoto hulala juu ya upande wa kulia, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kinyume chake ndivyo anavyovikwa maiti, na mhudumu akikuona hivyo atakuja kukurekebisha kwa upole. Ikikuishia magotini, omba kubwa zaidi mapokezi. Zipo za saizi mbalimbali. Wakati wa baridi kuna koti la kuvaa juu yake.

Naogaje, hatua kwa hatua?

Tazama pazia la mlangoni. 男 ni wanaume, 女 ni wanawake. Rangi husaidia, buluu kwa wanaume na nyekundu kwa wanawake, lakini amini herufi. Hoteli nyingi hubadilishana mabwawa usiku wa manane au alfajiri ili kila mtu aonje yote mawili, kwa hiyo ulipoingia jana jioni huenda leo asubuhi si pako. Kila mwaka kuna anayeingia kwa mazoea.

Vua kila kitu, weka kwenye kapu. Taulo kubwa inabaki hapo; ndogo unaingia nayo. Ndani, kabla ya bwawa, kuna safu ya mabomba ya chini, kila moja na kigoda, ndoo ndogo, sabuni na shampuu. Keti kwenye kigoda. Kuoga umesimama huwarushia maji na povu walioketi pembeni, na hilo ndilo linalokera kuliko jingine lolote. Jisugue mwili mzima, miguu na nyuma ya masikio, kisha jimwagie mpaka povu lote liishe. Kama umejipaka mafuta ya nazi, shea au losheni nzito, rudia sabuni mara ya pili: mafuta huelea juu ya maji na kila mtu huyaona. Suuza kigoda, kirudishe kilipokuwa.

Sasa chota maji ya bwawa lenyewe kwa ndoo, ujimwagie kuanzia miguuni kupanda juu, mara kama kumi. Hii inaitwa *kakeyu*. Si tambiko, maji mengi huwa nyuzijoto 40 hadi 42, na mwili unaotumbukizwa ghafla hushtuka, presha ikaruka. Ingia polepole, usiruke, usiogelee. Taulo ndogo haigusi maji. Ikunje uiweke kichwani au kwenye jiwe. Kaa dakika tano hadi kumi, toka, pumua hewa ya nje, rudi ukitaka. Waliozoea huingia mara tatu fupi badala ya moja ndefu. Ukimaliza, jikamue maji kwa taulo ndogo kabla ya kurudi kwenye kapu, ili usiloweshe sakafu.

Lazima niwe uchi mbele ya watu? Mimi ni Mwislamu, sitaki kukiuka sitara.

Kwenye bwawa la pamoja, ndiyo, ni uchi, na nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Lakini si lazima uingie huko. Njia ya kwanza ni chumba chenye bwawa lake barazani (*rotenburo-tsuki kyakushitsu*): unaoga peke yako au na mwenzi wako, mlima mbele, bila haraka. Ni ghali. Njia ya pili ni bwawa la kukodi la familia, *kashikiri*, unalolifunga mlango kwa dakika 45 au 50. Hoteli nyingine halilipishwi, nyingine hulipishwa kwa kila zamu. Weka zamu yako ukiwa mapokezi tu, maana za jioni huisha haraka.

Kwa swala, chumba cha tatami kinafaa, ni kisafi na hakikanyagwi kwa viatu. Kibla kutoka Japani ni magharibi, ikielekea kaskazini kidogo.

Tatuu? Na hina?

Uchunguzi wa wakala wa utalii wa serikali mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya hoteli zilizojibu huwakatalia wenye tatuu kwenye mabwawa ya pamoja, kwa sababu Japani tatuu zimehusishwa kwa muda mrefu na magenge ya wahalifu. Ndogo hufunikwa kwa plasta za rangi ya ngozi, kama hoteli inakubali. Kubwa, chukua kashikiri. Kinosaki, mkoani Hyogo, mabafu ya umma hupokea wenye tatuu.

Hina na piko huonekana kama tatuu kwa asiyezijua. Bibi harusi mwenye maua ya hina hadi viwikoni aeleze mapokezi kabla, aseme ni rangi ya muda ya sherehe. Wasipoelewa, kashikiri tena.

Nywele zangu zina misuko au dredi. Nifanyeje?

Nywele haziruhusiwi kugusa maji ya bwawa, ziwe za nani. Fungia juu kabisa ya kichwa, uzungushie taulo ndogo au kofia ya kuogea. Misuko mirefu ikinyonya maji ya salfa hukaa na harufu kwa siku kadhaa, na kikaushio cha hotelini hakifiki ndani ya dredi nene. Chukua na mafuta yako ya kupaka baadaye, kwa sababu maji ya asidi na ya salfa hukausha ngozi.

Maji yananuka mayai viza na yana vipande vyeupe. Ni machafu?

Hapana. Harufu ni ya gesi ya salfa, na vipande vinavyoelea ni madini yaliyoganda, huitwa *yunohana*, maua ya maji moto. Vua pete na mkufu wa fedha, vitakuwa vyeusi ndani ya dakika chache. Mahali pa salfa nyingi usifunge dirisha ulilolikuta wazi hata kama baridi inakata: liko wazi ili gesi isijae.

Kusatsu ni habari nyingine. Maji yake ni asidi kali, pH karibu 2, sawa na maji ya limau. Mkwaruzo mdogo utauma, macho usiyaguse, na ukitoka jimwagie maji ya bomba. Hutoka yakiwa moto kupita uwezo wa ngozi, na wenyeji hawapendi kuyapunguza makali kwa maji baridi, kwa hiyo huyapoza kwa kuyakoroga kwa mbao ndefu, desturi inayoitwa *yumomi*. Kwa maji laini ya sehemu nyingine, jikaushe tu bila kujisuuza.

Nikipata kizunguzungu?

Toka taratibu ukishika ukingo, keti, usisimame wima ghafla. Joto limetanua mishipa, damu imeshuka miguuni, na anayesimama haraka huanguka juu ya jiwe. Kunywa glasi ya maji kabla na nyingine baadaye. Usioge mara baada ya kula wala ukiwa umelewa. Wakati wa theluji, tembea upesi lakini usikimbie kutoka chumba cha joto hadi bwawa la nje: mawe huwa na barafu, na badiliko la ghafla la joto si zuri kwa moyo. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, kisukari au selimundu azungumze na daktari wake kabla ya safari.

Ujauzito uliondolewa mwaka 2014 kwenye orodha rasmi ya hali zinazokatazwa. Hata hivyo mjamzito achague maji yasiyo moto sana, akae muda mfupi, na aogope utelezi kuliko maji. Siku za hedhi, tumia bafu la chumbani.

Watoto?

Wanaovaa nepi mara nyingi hawaruhusiwi bwawa la pamoja. Tangu mwisho wa 2020 mwongozo wa serikali unasema mtoto wa miaka 7 na zaidi asioge upande wa jinsia nyingine, kwa hiyo mama mwenye mvulana wa miaka 8 achukue kashikiri.

Chakula kikoje, na nisiyekula nguruwe wala pombe nifanye nini?

Chakula cha jioni ni *kaiseki*, mlolongo wa sahani ndogo: mboga za mwituni, samaki mbichi, samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi, kitu cha mvuke, na mwisho wali, supu na achari. Okuhida utapata nyama ya ng'ombe wa Hida. Miso, yaani rojo la soya lililochachushwa, mara nyingi huchomwa juu ya jani kubwa kavu la mti wa *ho*, kwenye jiko dogo la mezani. Mhudumu huwasha kipande cha fueli mgando chini ya jiko. Usikipulize wala kukisogeza. Kinapozimika chenyewe, chakula kimeiva. Hatua hii wageni huiharibu kwa kufunua kifuniko kila dakika.

Asiyekula nguruwe anahitaji kusema zaidi ya "sili nguruwe". Pombe ya mchele na *mirin*, pombe tamu ya kupikia, zimo kwenye michuzi mingi, nyama haikuchinjwa kwa utaratibu wa halali, na gelatini hujificha kwenye vitindamlo. Nagano na Kumamoto, nyama mbichi nyekundu mezani inaweza kuwa ya farasi. Asiyekula nyama kabisa ajue kwamba supu nyingi huanza na *dashi*, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa samaki mkavu. Andika unapoweka nafasi, orodhesha kitu kimoja kimoja, omba jibu la maandishi. Kusema ukiwa umeshaketi mezani hakusaidii, kwani kila kitu kilishakatwa tangu mchana. Hoteli nyingine zitakujibu kwamba haziwezi, na jibu hilo ni la heshima kuliko ndiyo ya uongo. Hapo chukua *sudomari*, ununue vyakula mjini.

Asubuhi kuna wali, samaki, supu na yai la *onsen tamago*. Waliochemsha mayai kwenye chemchemi za moto za Bogoria, Kenya, au Sempaya, Uganda, watashangaa: hili limepikwa kwa maji ya karibu nyuzijoto 70, kiini kimeshika na ute bado unatetemeka.

Nitalala chini?

Ndiyo, juu ya godoro la futoni ambalo wahudumu hulitandika ukiwa kwenye chakula. Mgongo ukilalamika, omba godoro la pili. Mwenye magoti mabovu atafute chumba kilichoandikwa kina vitanda, *wa-yo shitsu*. Shida kwake ni kuinuka kutoka sakafuni, kulala atalala.

Bakshishi?

Hakuna.

Asubuhi ya kuondoka?

Amka kabla ya jua. Saa ya macheo itafute jioni kwa simu. Vilele huanza kuwa vyekundu kabla bondeni hakujapambazuka, na huchukua dakika chache tu. Bwawa kwa kawaida hufungwa karibu saa tatu au nne kwa usafi, kwa hiyo oga kabla ya chakula. Futoni huna haja ya kuikunja. Yukata iache chumbani, si zawadi. Lipa kodi ya kuoga na vinywaji ulivyochukua, kisha waulize mapokezi saa ya basi, kwani ratiba za milimani hubadilika kwa msimu na iliyo kwenye simu yako huenda ni ya kiangazi.